Mbwa wangu anaanguka na kuzimia: ni sukari imeshuka, ni moyo, au ni kifafa?

MamaSoni_Lanet (Jumapili, saa 3 usiku)

Habari za jioni wanajamvi. Naomba mnisomee mpaka mwisho kwa sababu nimekosa usingizi juu ya jambo hili.

Nina mbwa anaitwa Bobi, wale wadogo wa manyoya meupe wanaokaa ndani, miaka 11, kilo 6 na nusu. Tulimchukua binti yangu Soni akiwa darasa la pili, na sasa Soni yuko chuo. Amekua na watoto wangu.

Wiki tatu zilizopita nilifika nyumbani jioni kutoka kazini. Bobi akasikia geti, akaja mbio kunilaki kama kawaida yake. Alipofika kwenye ngazi miguu ya nyuma ikalegea, akaanguka kwa ubavu, shingo imenyooka, ulimi nje, na ule ulimi ulikuwa na rangi ya zambarau. Nilipiga nduru. Mama mkwe wangu ana kisukari na anajua vizuri mtu anavyokuwa sukari ikishuka. Akasema, "Huyo ni sukari, mpake sukari mdomoni haraka!" Nikachovya kidole kwenye kopo la sukari nikampaka kwenye fizi. Kabla sijahesabu hadi ishirini akaamka, akajikung'uta, akatikisa mkia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tangu siku hiyo nampa maji ya glukosi asubuhi na jioni. Lakini ameanguka tena mara tatu. Kila mara nampaka sukari, na kila mara anaamka. Usiku anakohoa kama aliyekwamwa na mfupa. Jirani anasema ni kifafa. Kwenye agroveti wamenipa dawa ya minyoo, nimempa, hakuna mabadiliko.

Kama sukari inamsaidia, mbona anaendelea kuanguka?

Mzee_Kiamunyi

Pole sana mama Soni. Sisi tulikuwa na mbwa wa kulinda boma, mkubwa, naye alikuwa akianguka. Wake ulikuwa kifafa kweli, tulithibitishiwa. Lakini nikisoma maelezo yako naona tofauti. Wetu alikuwa akianguka usiku akiwa amelala zake, si wakati wa mbio. Anakauka, anapiga miguu hewani kama anaogelea, mate yanajaa sakafuni. Akiamka hatutambui. Alikuwa akizunguka boma kama kipofu, anagonga ukuta, karibu nusu saa nzima. Wako umesema ameamka na kutikisa mkia papo hapo. Sijui, tungoje wataalamu, lakini hiyo tofauti isemwe.

JaKondele (Kisumu)

Dada, mimi niseme la sukari kwa sababu liliniua karibu mara mbili mwaka huu, kwa uchungu.

Nilinunua kitoto cha mbwa barabarani, kidogo mno, hata kilo moja hakijafika. Muuzaji aliniambia kina miezi miwili. Daktari aliangalia meno baadaye akasema hata wiki sita ni shida. Siku ya tatu, alfajiri, nikakuta kimelala nje ya blanketi, baridi kama samaki, kinatetemeka, kichwa kinayumba. Tulikuwa tumekilisha saa kumi na mbili jioni tukalala. Saa kumi na moja asubuhi ndipo nikakiona. Hizo ni saa kumi na moja tumbo tupu.

Mamangu alikuwa amekuja kutoka Kakamega na sukari nguru. Alivunja kipande, akakiyeyusha kwa maji ya vuguvugu, akakipaka kwenye fizi na chini ya ulimi kwa kidole, kidogo kidogo. Lakini kwanza alikiweka kifuani mwake chini ya leso ili kipate joto. Ilichukua karibu robo saa kichwa kikaanza kusimama. Hakikuruka na kutikisa mkia hapo hapo. Kiliamka polepole kama mtu anayetoka kwenye homa.

Kwa hiyo mimi ya sukari ninayoijua si hiyo ya Bobi.

Daktari_Njoro

Mama Soni, mimi ni daktari wa mifugo. Sitamtibu Bobi kupitia simu, lakini niruhusu nieleze kwa nini wasiwasi wangu hauko kwenye sukari.

Hao wawili waliotangulia wamesema jambo la maana sana bila kujua. Angalieni muda, na angalieni mnyama alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka.

Mnyama anayezimia kwa sababu ya moyo huanguka akiwa katika msisimko, mbio, kupanda ngazi au kukohoa. Damu inayopanda kwenye ubongo inapungua kwa sekunde chache, analegea, fizi zinafifia au ulimi unakuwa wa zambarau. Akishalala chini ubongo unapata damu tena, anaamka mwenyewe. Anaamka haraka, akili timamu. Mama Soni, ungempaka sukari, ungempaka maji, ungemwimbia wimbo, angeamka vilevile. Sukari ilipewa sifa ya kazi ambayo haikuifanya. Sikulaumu, wala simlaumu mama mkwe. Ni kosa ambalo hata sisi tunaweza kulifanya tukisimuliwa tu bila kuona.

Sukari iliyoshuka kweli haiondoki kwa sekunde ishirini. JaKondele amesema robo saa, na hivyo ndivyo inavyokuwa. Huanza na ulegevu, kutetemeka, kuyumba kama mlevi, macho kuduwaa, na ikizidi degedege. Huja mnyama akiwa na njaa, au alfajiri. Vitoto vya mbwa wadogo ndivyo huathirika zaidi, hasa chini ya miezi minne, kwa sababu ini lao ni dogo na halina akiba ya kutosha, nao hupoteza joto haraka. Ukiongeza minyoo na baridi ya Nakuru ya mwezi wa saba, usiku mmoja bila chakula unatosha kuwaua.

Kwa mbwa mzima wa miaka 11, sukari haishuki hivi hivi kwa kukosa chakula cha mchana. Ikishuka kuna kitu nyuma yake: uvimbe kwenye kongosho unaotoa insulini, ile inayoshusha sukari, kupita kiasi, ugonjwa wa ini, maambukizi makali ya damu, au sumu. Kwa hiyo hata ingekuwa sukari, glukosi asubuhi na jioni haingekuwa jibu.

Mbwa mdogo, mzee, anakohoa usiku, anazimia akikimbia. Ninachofikiria kwanza ni vali ya mitrali, mlango wa damu ulio upande wa kushoto wa moyo. Ndiyo shida ya moyo inayoongoza kwa mbwa, na mbwa wadogo ndio hupatwa sana. Vali inakuwa nene na kukunjamana, haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma kila moyo unapopiga. Miaka inapita, chumba cha juu kinatanuka, kinabana njia ya hewa, kikohozi kinaanza. Mwisho maji yanaingia kwenye mapafu.

Naomba ufanye haya kabla ya kumwona daktari, na umwone wiki hii, usingoje.

Akiwa amelala fofofo, si kupumzika tu, tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Mbwa mwenye afya hukaa chini ya 30. Andika tarehe, saa na idadi.

Mtu mmoja nyumbani awe na simu tayari. Akianguka, rekodi video. Sekunde kumi za video zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Mama mkwe ana glukomita, kile kipimo cha sukari? Akianguka, pima kwanza kabla ya kumpaka chochote. Tone la damu hupatikana ukingoni mwa sikio. Vipimo vya binadamu kwa kawaida husoma chini kidogo ya sukari halisi ya mbwa, kwa hiyo kikisoma kawaida unaweza kukiamini kwamba sukari haijashuka. Kikisoma chini ya 3.3 (mmol/L), hapo paka sukari na uelekee kliniki. Na kama haamki ndani ya dakika moja, au anatetemeka, paka tu hata bila kupima, haitamdhuru. Usimmiminie kitu mdomoni akiwa amezimia, kitaingia mapafuni.

Na acha hayo maji ya glukosi.

MamaSoni_Lanet (Jumatatu, saa 4 usiku)

Daktari, Mungu akubariki. Nimelia kidogo niliposoma, kisha nikafanya ulivyosema.

Leo saa kumi na mbili jioni mume wangu alipoingia, Bobi akakimbia, akaanguka kwenye ngazi ile ile. Mama mkwe ndiye aliyepima, mkono wake ni mzoefu. Ilisoma 5.4. Alikuwa ameshaamka wakati kipimo kinatoa namba, na hatukumpaka chochote. Mama mkwe ameketi kimya jioni yote, halafu akaniambia, "Kumbe mtoto wetu si sukari."

Pumzi nimehesabu mara mbili akiwa amelala. Ya kwanza 42, ya pili 44.

Daktari_Njoro

Pumzi 44 usingizini si ya kungoja wiki. Kesho asubuhi kliniki ikifunguliwa uwe mlangoni. Usiku huu mlaze mahali penye hewa, asipande ngazi, mbebe. Akianza kupumua mdomo wazi, akikataa kulala kifudifudi au kiubavu, akikaa tu na viwiko vimetanuka na shingo imenyooshwa, hiyo ni dharura hata kama ni saa nane usiku.

Jambo moja tena. Mtu asimdunge sindano ya steroidi kwa ajili ya kikohozi kabla ya moyo kusikilizwa. Steroidi huufanya mwili kushikilia maji, na moyo uliochoka huweza kuzidiwa siku hiyo hiyo.

Nafula_wa_Kimilili (Uingereza)

Daktari, hilo la steroidi limenigusa mahali. Naomba nisimulie, ingawa mnyama wangu hakuwa mbwa.

Huku nafanya kazi ya kutunza wazee. Mzee mmoja niliyemtunza alikuwa na mnyama anaitwa fereti. Kwa sisi wa Bungoma, mfikirie kicheche, ni ukoo mmoja, ila huyu amefugwa na binadamu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, zamani kwa ajili ya kuwinda sungura mashimoni. Mzee alipofariki watoto wake hawakumtaka. Nikamchukua. Aliitwa Tilly, alikuwa na miaka minne.

Alipofika mitano nikaanza kuona vitu. Anasimama katikati ya chumba anaduwaa akitazama ukuta. Anadondokwa mate, anajikwangua mdomo kwa kucha kama kuna kitu kimekwama. Miguu ya nyuma inaburuzika. Nilidhani ni uzee. Alipopimwa, sukari ilikuwa 2.6. Uvimbe mdogo kwenye kongosho, ambao kwa fereti waliopita miaka mitatu ni ugonjwa wa kawaida sana. Uvimbe unamwaga insulini bila breki.

Kosa langu lilikuwa kama lako mama Soni. Nilikuwa nampa asali mara kwa mara nikidhani namsaidia. Kumbe kila sukari tamu inayoingia inauchochea ule uvimbe kumwaga insulini zaidi, na baada ya saa moja au mbili sukari inashuka chini kuliko mwanzo. Nilifundishwa kwamba asali ni ya kumwamsha tu, tone kwenye fizi, kisha mara moja chakula cha nyama. Fereti ni mla nyama mtupu, na utumbo wake ni mfupi, chakula hupita kwa saa tatu au nne. Kwa hiyo nilikuwa naamka usiku kumlisha, kila baada ya saa nne. Akapewa prednisoloni, ambayo ni steroidi, akachangamka, akarudi kuiba soksi zangu.

Baada ya miezi mitano miguu ya nyuma ikalegea tena. Nikasema sukari imerudi. Nikapima: 4.8. Sukari ilikuwa sawa! Lakini tumbo limejaa, na anapumua mbiombio. Picha ikaonyesha moyo umetanuka, kuta zake nyembamba, hauna nguvu ya kusukuma, na maji yamejaa kifuani. Magonjwa mawili, dalili moja ile ile ya miguu kulegea. Kama nisingepima siku ile ningempa asali na kungoja.

Na hapo ndipo ugumu ulipokuja. Dawa inayoinua sukari inashikilia maji, na maji ndiyo yanayouua moyo. Dawa ya moyo inatoa maji na kumfanya akose hamu ya kula, na asipokula sukari inashuka. Daktari wake akapunguza prednisoloni hadi kile kiasi kidogo kabisa kinachotosha, akaongeza dawa za moyo, furosemaidi na pimobendani, na mimi nikawa napima pumzi na sukari kwenye daftari moja. Tuliishi naye miezi saba mingine. Alifia mkononi mwangu akiwa ameshiba.

Daftari hilo ninalo bado. Mama Soni, anza lako leo.

JaKondele

Nafula nimesoma hii nikiwa kwenye matatu nikapitiliza stendi yangu. Pole dada.

Daktari, kuna swali. Umetaja sumu na maambukizi. Huku Kisumu kupe ni wengi sana. Kuna uhusiano?

Daktari_Njoro

Upo, na hapa kwetu ni muhimu kuliko uvimbe wa kongosho. Homa ya kupe inayoletwa na kimelea kiitwacho babesia ikiwa kali hushusha sukari, hasa kwa mbwa wachanga. Unamwona amelegea, fizi nyeupe au njano, mkojo kama chai ya rangi. Watu hutibu babesia na kusahau sukari, mbwa anakufa usiku huku dawa sahihi iko mwilini. Parvo, ule ugonjwa wa virusi, kwa kitoto hufanya vivyo hivyo, kutapika na kuhara na kutokula kwa siku mbili.

Na sumu niliyotaja iko mkobani mwako pengine. Zailitoli, utamu unaotiwa kwenye chingamu zisizo na sukari na katika baadhi ya siagi za karanga. Kwa binadamu haina neno. Kwa mbwa kongosho linadanganyika, linamwaga insulini, na sukari inaweza kushuka ndani ya nusu saa. Ini pia linaweza kuharibika. Someni lebo.

Kile kitoto chako kinakula mara ngapi sasa?

JaKondele

Mara nne, na ya mwisho ni saa nne usiku kabla sijalala. Uji wa omena iliyosagwa na wali. Kimefika kilo mbili na nusu. Mama amekipa jina Nguru.

MamaSoni_Lanet (Jumanne, saa 11 jioni)

Tumerudi. Naandika haraka kwa sababu nataka nikae naye.

Daktari aliweka kile chombo kifuani upande wa kushoto akaniita nisikilize. Nilizoea kusikia moyo unasema du-dup. Wa Bobi unasema *shhh*, kama maji yanayopita kwenye bomba lililopasuka. Akasema huo ndio mvumo. Picha ya eksirei ilionyesha moyo mkubwa, umeinua koo la hewa, na mapafu yana ukungu kwa nyuma, ambayo ni maji. Alidungwa furosemaidi hapo hapo tukakaa saa tatu. Alikojoa mara nne. Niliona ubavu ukitulia mbele ya macho yangu, kutoka 50 hadi 34.

Damu imepimwa, figo na chumvi za mwili, ili dawa zisimharibu. Sukari ya maabara 5.9. Tumepewa furosemaidi ya vidonge, pimobendani mara mbili kwa siku saa moja kabla ya chakula, na benazeprili, dawa nyingine ya moyo. Tunarudi baada ya siku saba.

Daktari wa kliniki aliniuliza nilijuaje kuhesabu pumzi. Nikamwambia.

Mzee_Kiamunyi

Tunashukuru Mungu. Mimi nina swali la mkulima. Hizi dawa zinaponya ile vali?

Daktari_Njoro

Haziponyi, mzee. Vali iliyokunjamana haikunjuki kwa kidonge. Furosemaidi inatoa maji, pimobendani inaupa moyo nguvu ya kukaza, na pia inalegeza mishipa ili moyo usukume kwa urahisi. Zinanunua muda, na muda wenyewe ni mzuri. Kuna utafiti uitwao EPIC uliotolewa mwaka 2016, mbwa 360 katika nchi kadhaa, wenye shida hii ya vali na moyo umeshatanuka lakini bado hawajaanza kuishiwa pumzi. Waliopewa pimobendani walikaa karibu miezi 15 zaidi kabla ya moyo kushindwa au kufa kwa ugonjwa huo. Ndiyo maana nataka mvumo usikike mapema. Mwenye mbwa mdogo aliyepita miaka saba, kila anapokwenda kuchanjwa aombe moyo usikilizwe. Ni dakika mbili.

Mama Soni, atakunywa maji mengi na kukojoa sana. Usimnyime maji hata mara moja, hata akikojoa sebuleni. Acha mabaki ya mezani yenye chumvi, supu za mifupa zilizotiwa viungo, soseji. Asipokula siku mbili, piga simu kliniki kabla ya kuendelea na furosemaidi, figo zitaumia.

Nafula_wa_Kimilili

Na kidonge akikitema, kifiche kwenye kipande kidogo cha nyama ya kuchemsha isiyo na chumvi. Isipokuwa ile pimobendani, kwa sababu inataka tumbo tupu. Hiyo mpe kwa maji kidogo na sindano isiyo na ncha, pembeni mwa shavu, akiwa ameamka kabisa.

MamaSoni_Lanet (wiki tatu baadaye)

Nimeahidi nitarudi, nimerudi.

Ameanguka mara moja tu tangu siku ile, nayo ilikuwa siku ya pili ya dawa. Kikohozi kimepungua, bado kipo alfajiri. Tumejifunza kwamba kinachomwangusha ni ile furaha ya geti. Sasa ninapokaribia nyumbani napiga simu kwanza, mama mkwe anamchukua mapajani, anamshika mpaka nimeingia na kukaa. Anatetemeka kwa hamu lakini hakimbii. Ngazi mume wangu ameweka mbao, amezipigilia zulia kuukuu asiteleze.

Kulikuwa na safari ya kwenda kwa shemeji Kisumu mwezi huu. Daktari wa kliniki amesema joto la kule na saa za kukaa garini bado ni mzigo kwake, kwa hiyo mimi na Bobi tunabaki.

Mama mkwe amepata kazi mpya. Kila jioni baada ya kujipima sukari yake anaandika namba yake upande wa kushoto wa daftari, na pumzi za Bobi upande wa kulia. Jana: yake 7.2, ya Bobi 24.

JaKondele

Mpe mama shikamoo zangu. Nguru amekula kiatu changu leo.